Injini ya Buick Ilivyoingia Ndani ya MGB

Mwaka 1962 kiwanda cha MG cha Abingdon, Uingereza, kilianza kuuza gari dogo la spoti lililoitwa MGB. Lilikuwa la watu wawili, la chini, lenye paa la kufunua, na injini yake ilikuwa ya silinda nne, lita 1.8, yenye nguvu za farasi zipatazo 95. Injini hiyo haikuzaliwa kwa ajili ya mbio. Ilitoka katika ukoo wa injini ambazo kampuni mama, British Motor Corporation, ilizifunga pia katika magari ya kawaida ya familia. Ilikuwa imara na rahisi kutengeneza, lakini ilikuwa nzito kwa nguvu ilizotoa, kwa kuwa ilisubiwa kwa chuma kitupu. Miaka michache baadaye, watu walianza kuing'oa na kuweka mahali pake injini ya V8, yaani ya silinda nane, kwanza mafundi wa karakana ndogo, kisha wenye magari wenyewe majumbani kwao. V8 hiyo ilibuniwa Marekani, na ndiko inakotubidi kuanzia.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, magari madogo kutoka Ulaya yalikuwa yakipata wanunuzi wengi Marekani. General Motors ilijibu kwa kubuni magari yake madogo kiasi, na magari hayo yalihitaji injini isiyolemea mbele. Idara ya Buick ikatengeneza V8 ya lita 3.5 ambayo bloku na vichwa vyake vyote vilikuwa vya alumini, na ikaingia sokoni kama injini ya magari ya mwaka 1961. Uzito wake ulikuwa kama kilo 145, jambo la ajabu kwa V8 ya wakati ule. Hata hivyo, baada ya magari ya mwaka 1963, General Motors iliiacha.

Sababu za kuiacha zimeelezwa kwa namna mbalimbali. Wapo wanaosema kwamba kusubu bloku za alumini kulikuwa kugumu, na bloku nyingi zilitupwa kwa kuwa na vitundu vilivyovujisha. Wengine wanalaumu maji ya rejeta: dawa za kuzuia kuganda zilizotumika siku hizo hazikupatana na alumini, kutu ikafanyika, na rejeta zikaziba. Maelezo yote mawili ni ya kweli, lakini nadhani hayatoshi. Katika miaka ileile, mafundi wa Marekani walijifunza kusubu chuma chenye kuta nyembamba, na hivyo injini ya chuma ikapungua uzito bila kuongezeka gharama. Mara Buick ilipoweza kupata injini nyepesi ya kutosha kwa bei ndogo, alumini ilipoteza mtetezi wake.

Mwaka 1964 William Martin-Hurst, mkurugenzi mkuu wa Rover ya Uingereza, alitembelea kiwanda cha injini za boti cha Mercury huko Wisconsin. Alikwenda kwa biashara nyingine kabisa, akaiona V8 ya Buick ndani ya karakana. Kisa hiki hupenda kusimuliwa kama bahati tupu, na ni kweli kwamba bahati ilikuwapo. Lakini Rover ilikuwa tayari na shida: injini yake kubwa ya silinda sita ilikuwa imezeeka, na kubuni mpya kungegharimu fedha na miaka mingi. Isitoshe, J. Bruce McWilliams, aliyesimamia biashara ya Rover huko Marekani, aliamini kwamba magari ya kampuni hiyo yalihitaji V8. Mtu asiye na haja angeipita injini ile kama kipande kingine cha chuma. Makubaliano na General Motors yalifikiwa mwaka 1965, na Joe Turlay, mhandisi wa Buick aliyekuwa karibu kustaafu, akahamia Uingereza kusaidia.

Wakati Rover ikijiandaa, injini hiyo ilithibitishwa mahali pasipotarajiwa. Mwaka 1966 Jack Brabham alitwaa ubingwa wa dunia wa Formula 1 akitumia injini ya Repco ya Australia, ambayo ilijengwa juu ya bloku ya alumini ya Oldsmobile, ndugu wa damu wa ile ya Buick. Rover yenyewe iliifunga V8 yake katika saluni kubwa ya mwaka 1967, kisha katika saluni ndogo zaidi ya 3500 mwaka 1968, na mwaka 1970 katika Range Rover, gari ambalo wasomaji wengi wa Afrika Mashariki watalikumbuka kwa mlio wake. Tokeo lake kwa simulizi hii ni jepesi kulieleza: kila saluni ya Rover iliyogongwa barabarani au kuliwa na kutu iliacha V8 nyepesi katika yadi za vyuma chakavu za Uingereza.

Huku nyuma, MG ilikuwa imejaribu njia yake. Mwaka 1967 ilitoa MGC, ambayo ni MGB iliyowekewa injini ya chuma ya silinda sita na lita 2.9. Ili injini hiyo iingie, sakafu ya mbele na mfumo wa springi vilibidi kubuniwa upya, na boneti ikapewa nundu. Waandishi wa magari walilalamika kwamba gari lilikuwa zito mbele na lilisita kuingia kona. Watetezi wake husema magari waliyopewa waandishi yalikuwa na upepo usiofaa katika matairi, na huenda hilo lilichangia. Lakini uzito ulikuwapo, na upepo hauwezi kuuondoa. Uzalishaji ulisimama mwaka 1969, magari yakiwa yapata 9,000 tu.

Aliyeonyesha njia hakuwa kiwanda. Ken Costello, mtu wa Kent aliyejulikana kwa mbio za Mini, alianza karibu mwaka 1970 kufunga V8 ya alumini ndani ya MGB, kwanza ile ya Marekani yenyewe na baadaye ya Rover. Aligundua kwamba V8 yenye nguvu za farasi kama 150 haikulemea gari kuliko injini ya silinda nne iliyotolewa. Kwa hiyo springi na mizani ya gari viliweza kubaki karibu kama vilivyokuwa. Wateja wakamfuata, na British Leyland, kampuni iliyomiliki sasa MG na Rover pia, ikataka kuona kazi yake.

Kampuni ilitoa gari lake, MGB GT V8, Agosti 1973. Lilikuwa na nguvu za farasi 137 na lilifikia kilomita 200 kwa saa, wakati MGB ya kawaida iliishia karibu 170. Lakini liliuzwa kama gari la paa la chuma pekee, halikupelekwa katika maduka ya Marekani, na lilikoma mwaka 1976 baada ya magari 2,591. Wengi hulaumu vita vya Mashariki ya Kati vya Oktoba 1973 na bei ya mafuta iliyopanda baada yake. Maelezo hayo yanaeleza wanunuzi waliokimbia, lakini hayaelezi kwa nini kampuni haikujaribu kuuza gari la wazi, ambalo ndilo Wamarekani walilipenda. Hapo inatubidi kutazama ndani ya British Leyland yenyewe: kampuni hiyohiyo ilikuwa ikiuza Triumph Stag, gari la wazi lenye V8 yake yenyewe, na kuyaruhusu magari hayo mawili yashindane kungekuwa kujinyang'anya wateja.

Kutoka hapo kazi ilihamia majumbani. Kiwanda kilikuwa kimethibitisha kwamba bodi inaihimili V8, na sehemu ya marekebisho yake, pamoja na rejeta iliyosogezwa mbele, ikaingia pia katika MGB za kawaida za miaka ya mwisho. Mwaka 1976 Rover ilitoa saluni ya SD1, na giaboksi yake ya gia tano ilishikana na V8 bila kutengenezewa kiunganishi. Yeyote aliyekuwa na winchi, mashine ya kuchomelea na wikiendi za kutosha aliweza kununua gari bovu la Rover na kulihamisha tumbo lake. Kwetu injini hubadilishwa mara nyingi kwa sababu ile ya zamani imekufa na spea ni ghali. Wale waliitoa injini iliyokuwa ikifanya kazi.

Kuteremsha injini ndani ya boneti ndiyo ilikuwa sehemu nyepesi. Ugumu ulianza pembeni. V8 ni pana, na mabomba ya eksozi ya kushoto na kulia yalitafuta njia palepale ambapo fito ya usukani inapita. Wengine waliihamisha fito hiyo kwa kiungo cha ziada, na wengine baadaye walitoboa ukuta wa bodi unaotenga injini na tairi na kupitisha eksozi huko. Kabureta zilipokaa juu ya injini, boneti haikufunga. Costello alitumia boneti ya faibaglasi yenye nundu, ila kiwanda kiliziweka kabureta nyuma, karibu na abiria, ili kubaki na boneti ya asili, na wengi wa nyumbani wakaiga. Difu nayo ilibidi ibadilishwe: uwiano wa MGB ya kawaida ulikuwa 3.9 kwa 1, na V8 ilihitaji kama 3.07, la sivyo injini ingezunguka bure na kunywa petroli. Waliopuuza breki na rejeta walijifunza haraka, mmoja kwenye mteremko, mwingine kwenye foleni ya mchana wa joto.

Mwaka 1988 British Motor Heritage ilianza kutengeneza upya bodi za MGB kwa kutumia vifaa vya kiwanda vilivyookolewa, na bodi hizo zikazaa MG RV8 ya mwaka 1992, gari la wazi lenye V8 ya lita 3.9. Yalitengenezwa takriban 2,000, na mengi yakaenda Japani. Watengenezaji wa MG walikuwa wamefika, baada ya miaka ishirini, mahali ambapo watu wa gereji za nyumbani walikuwa tayari wanaishi.

Kwa hiyo msomaji akikutana leo na MGB ya wazi ya miaka ya 1960 au 1970 inayonguruma kwa silinda nane, ajue kwamba haikuuzwa hivyo na MG. Magari ya V8 ambayo kiwanda kiliyauza enzi hizo yote yalikuwa na paa la chuma.