Ekipe ya Kwetu

Watangazaji wa mpira wana neno moja la kumwitia kila mtu: shabiki. Aliyelipa kiingilio akanyeshewa mvua ni shabiki. Aliyekaa sebuleni Muscat akitazama kwenye televisheni naye ni shabiki. Mama anayeuza karanga nje ya geti, anayejua bao limeingia kwa kusikia kelele tu, akiulizwa habari za timu huandikwa shabiki pia. Neno si baya, ila tumelitwisha kazi zisizo zake, huku maneno mengine yaliyo sawasawa na kazi hizo yakikaa bure. Mfano wangu ni Kindu.

Kindu ndio makao makuu ya mkoa wa Maniema, mashariki ya Kongo, mji uliokaa juu ya mto Lualaba. Hapo ndipo nyumbani kwa AS Maniema Union, klabu iliyoanzishwa mwaka 2005. Kiswahili cha huko wengi hukiita Kingwana, jina lililotoka kwa waungwana waliofika na misafara ya karne ya 19, enzi za mfanyabiashara Tippu Tip, Kasongo na Nyangwe zilipokuwa vituo vikubwa vya biashara. Kwa hiyo tunaposikiliza maneno ya mpira ya Kindu, tunasikiliza watu walioishi na lugha hii tangu zamani. Wao husema mupira, na timu huiita ekipe, kwa Kifaransa kilichokwisha kuzoea irabu zetu.

Jina la klabu lenyewe lina jambo la kufikiriwa. Halikuchukua jina la mji, lilichukua la mkoa, na Maniema ina maeneo saba: Kabambare, Kailo, Kasongo, Kibombo, Lubutu, Pangi na Punia. Mrega wa Pangi, Mkusu wa Kibombo na Mbangubangu wa Kabambare wote wanalikuta jina lao humo, kisha wanaambiwa Union, yaani umoja. Kenya walilipitia jambo hili la majina kwa njia ngumu zaidi. Mwaka 1980 vilabu vyenye majina ya makabila vilitakiwa kuyaacha, na Abaluhya ikawa AFC Leopards. Tanga nako wapo Coastal Union, walioanzishwa mwaka 1948, nao jina lao la mapenzi ni Wagosi wa Kaya, wanaume wa nyumbani. Nalipenda sana jina hilo. Limeanza na watu na mahali pao, wala halikuhitaji simba wala chui.

Dar es Salaam, ambako Yanga ilizaliwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, kuna msemo unaosikika katika kila tangazo la klabu: wapenzi na wanachama. Watu huupita haraka kana kwamba ni salamu, na mimi naona ni istilahi makini kuliko shabiki. Mwanachama ana kadi, analipa ada, anaingia mkutanoni na kupiga kura. Mpenzi hana hati yoyote, ana moyo. Mtu anaweza kuwa kimoja bila kingine. Kongo nako, kwenye mambo ya fedha, kuna neno kotizasio, lile lile la msiba, harusi na kanisa: kila mmoja anatoa kidogo, na jina lake linaandikwa. Aliyetoa kotizasio kwa ajili ya ekipe ni mchangiaji. Huyo si mdhamini, maana mdhamini anataka nembo yake kifuani mwa mchezaji. Wala si mfadhili, kwa kuwa ufadhili hushuka kutoka juu. Mchango unatoka ubavuni.

Lakini neno ninalolipigania hasa ni mwenyeji. Humo ndani mna mwenye na mna mji. Mtu wa Alunguli, ng'ambo ya pili ya Lualaba, huvuka mto kabla hajafika uwanjani. Anapanda mtumbwi na jezi yake, analipa nauli ya kwenda, na anaweka akiba ya kurudia, timu ifungwe au ishinde. Huyo ni mwenyeji wa mechi kwa maana kamili, kwa sababu wageni wamekuja kwake.

Msimu wa 2024 na 2025 Maniema Union iliingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, pamoja na Mamelodi Sundowns, Raja Casablanca na AS FAR ya Rabat. Novemba 2024 walikwenda Pretoria wakatoka sare ya 0-0 na Sundowns. Nililisoma tokeo hilo zaidi ya mara moja. Ila mechi za nyumbani zilichezwa Kinshasa, Stade des Martyrs, zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Kindu, katika jiji linalozungumza Kilingala. Magazeti yakaandika "wenyeji Maniema Union" kama kawaida. Mwenye alikuwepo, mji haukuwepo. Yule wa Alunguli, ambaye mtumbwi ulimtosha kufika uwanjani, alibaki na redio na simu.

Hapo ndipo Kiswahili kinapotoa tofauti ndogo ambayo naiona ni hazina. Timu yetu na timu ya kwetu si kitu kimoja. Yetu inaweza kuwa ya yeyote: kijana wa Kindu anaweza kuiita Arsenal timu yetu na asikosee. Ya kwetu inadai mahali. Na mahali hapo mtu huondoka napo. Mtu wa Maniema aliyehamia Goma, Bukavu au Kinshasa bado ana kwao, na ekipe ya kwao ikija alipo, anakwenda kuipokea kama anavyompokea ndugu aliyeshuka na mzigo. Jukwaani Kinshasa mtu wa namna hiyo si mwenyeji, na kumwita shabiki ni kumpunja.

Kwa hiyo katika habari ninazohariri nimeanza kuandika hivi: "wenyeji" wakiwa Kindu tu; mechi ya Kinshasa naandika "Maniema Union, waliopangiwa nyumbani"; na walioijaza kona moja ya jukwaa nawaita watu wa kwao.