Kuhuisha

Tunahuisha leseni, tunahuisha taarifa. Neno hili limebeba "hai" ndani yake, ndiyo maana kwa miongozo ya programu huria nalipenda kuliko "kusasisha". Chukua Flowable, injini ya kuendesha michakato ya kazi iliyochipuka kutoka Activiti mwaka 2016. Mwongozo wake humfundisha mgeni kwa ombi la likizo: mfanyakazi anaomba, meneja anakubali au anakataa. Toleo la 6 lilibadilisha jina org.activiti ndani ya msimbo kuwa org.flowable. Mfano ukibaki na jina la zamani, mgeni ataunakili neno kwa neno na programu itagoma, naye atadhani kosa ni lake. Anayepitia mwongozo mstari kwa mstari kuusahihisha hasasishi tu, anahuisha.