Udongo wa Kisii Haukuwa Mgumu

Mahubiri ya mpanzi nimeyasikia mara nyingi mpaka naweza kuyahubiri mwenyewe. Mbegu ni Neno, udongo ni moyo. Mhubiri akifika kwa mwamba na miiba, macho yake yanaenda viti vya nyuma, kule vijana hukaa. Yaani mbegu isipoota, wa kulaumiwa ni udongo tu.

Sasa chukua hadithi hiyo uipeleke Kisii ya mwanzo wa karne iliyopita, uone kama itasimama.

Wakatoliki walifungua misheni Nyabururu mwaka wa 1911. Wasabato wakafungua yao Nyanchwa mwaka wa 1912. Zote ziko karibu na mji wa Kisii. Lakini kabla ya Neno, kitu kingine kilikuwa kimefika. Mwaka wa 1905 serikali ya Waingereza ilituma jeshi kuwatiisha Abagusii. Januari 1908, Otenyo, akichochewa na nabii Moraa, alimchoma mkuki afisa wa serikali, Geoffry Northcote. Northcote alipona, na baadaye akawa gavana wa Hong Kong. Huku nyuma, jeshi lilirudi tena: nyumba zikachomwa, ng'ombe wakachukuliwa, watu wakauawa.

Miaka mitatu tu baadaye, mzungu mwingine anakuja na kitabu, anasema Mungu ni upendo. Ungekuwa wewe ungefanya nini?

Septemba 1914 jibu lilionekana. Wajerumani walivuka mpaka wakaingia Kisii, Waingereza wakaondoka kwa muda. Watu wakavamia ofisi za serikali na maduka wakapora, na misheni zote mbili pia zikaporwa. Mtu anaweza kusema hao walikuwa wagumu wa moyo. Mimi naona watu ambao hawakuwa na sababu ya kutenganisha misheni na bunduki.

Halafu kuna lugha. Wasabato walianzia Gendia, upande wa Wajaluo, mwaka wa 1906. Arthur Carscallen, aliyewaongoza, alijifunza Kijaluo mpaka akaandika sarufi yake. Kisii na Ujaluoni zilikuwa wilaya moja, South Kavirondo, kwa hivyo walimu na vitabu vya Kijaluo vilipandishwa milimani. Mmisionari aliona ni karibu. Lakini Kijaluo na Ekegusii hazina undugu wowote. Mama wa Nyamira aliyetaka kumsikia Mungu alilazimika kwanza kujifunza lugha ya jirani.

Agano Jipya kwa Ekegusii lilitoka 1948. Biblia nzima ilitoka 1988. Piga hesabu: mtoto aliyezaliwa mwaka Nyanchwa inafunguliwa alikuwa na miaka 76 ndipo apate Zaburi na Mithali, kitabu kizima mkononi, kwa lugha ya mama yake.

Na bado waliamini! Hiyo ndiyo sehemu inayonishangaza. Leo ukipita Nyamira siku ya Jumamosi asubuhi, barabara imejaa watu wamevaa vizuri wakienda kanisani. Imani haikuota kwa sababu udongo ulilainishwa na mahubiri makali. Iliota pale watu walipoanza kufundishana wenyewe kwa wenyewe, jikoni na shambani, kwa maneno waliyoyajua.

Nyanya yangu husoma Biblia yake ya Ekegusii polepole, kidole kikifuata mstari. Akifika mahali hakubaliani napo, anafunga kitabu na kubishana nacho kwa sauti, kama anayebishana na jirani. Kesho anarudi pale pale. Mimi kwa simu nina tafsiri kumi hivi, naruka kutoka moja hadi nyingine, na sijawahi kubishana na hata moja kiasi hicho. Kwangu, kukua kiroho kunafanana na hicho kidole chake: mstari mmoja, siku nyingi, na ruhusa ya kuuliza.

Kwa hivyo wazee wa kanisa wanapouliza mbona vijana hatupokei Neno, ningeomba waangalie pia linavyotufikia. Linakuja na nani? Linaongea lugha gani? Aliyelileta jana alitufanyia nini? Abagusii waliuliza maswali hayo kwa zaidi ya miaka thelathini, na walipopata majibu walifungua mioyo wenyewe.