Kadi Iliyokosa Mkalimani

Mwaka 2004 ungeandika lspci kwenye kompyuta ya Linux, nayo ingekutajia kila kifaa kilichomo tumboni mwake. Kadi ya waifai ya Broadcom ilikuwemo, kwa jina na namba yake. Lakini ukiandika iwconfig, amri ya waifai, unaoneshwa kadi ya waya tu. Kadi ipo, imepokea umeme, ila haina draiva, na bila draiva mfumo haujui kuzungumza nayo.

Kampuni ya Broadcom haikutoa maelezo ya jinsi chipu zake zinavyofanya kazi. Wengi wakakimbilia ndiswrapper, programu iliyobeba draiva ya Windows na kuiaminisha kwamba bado iko nyumbani kwake. Ilisaidia, lakini ilikuwa kuishi kwa nguo za kuazima: ikikwama, hakuna wa kuirekebisha, maana ndani yake hapasomeki.

Kinachoniuma ni kwamba Broadcom ilikuwa na draiva ya Linux. Ruta maarufu ya Linksys, WRT54G, iliendeshwa na Linux juu ya chipu ya Broadcom. Mwaka 2003 GPL, leseni ya Linux, iliilazimu Linksys kuachia msimbo wa ruta hiyo, lakini sehemu ya redio ikabaki imefungwa.

Watu wa kujitolea wakaifungua sehemu hiyo kwa subira ya mshona shanga. Waligawanyika katika makundi mawili. La kwanza lilichambua draiva iliyofungwa, amri kwa amri, likaandika maelezo ya kawaida: andika namba hii hapa, subiri, soma pale. La pili halikuigusa draiva ile kabisa. Lilisoma maelezo tu, likaandika draiva mpya, ili asitokee mtu wa kudai kwamba wamenakili. Kwangu mimi, uadilifu huo una thamani kubwa kuliko hata draiva yenyewe.

Juni 2006, Linux 2.6.17 ilitoka na draiva hiyo, bcm43xx. Januari 2008 nafasi yake ikaanza kuchukuliwa na draiva nyingine, b43.

Kikabaki kikwazo kimoja. Kadi hizo huhitaji faili ndogo ya programu kila zinapoamshwa, na faili hiyo ni mali ya Broadcom, hairuhusiwi kugawiwa pamoja na Linux. Kwa hiyo unapakua draiva ya kampuni, kisha programu ya b43-fwcutter inaikata faili hiyo kutoka humo ndani. Kuipakua kunataka intaneti, na intaneti ndiyo unayoitafuta! Unaazima waya, au unakwenda na flashi kwa jirani.

Septemba 2010 Broadcom yenyewe ilitoa draiva ya wazi, brcm80211, miaka miwili baada ya Atheros, kampuni nyingine ya chipu, kufanya hivyo kwa draiva yake ya ath9k. Lakini ilihusu chipu mpya tu. Mwenye laptopu ya zamani bado anachomeka waya, anaandika sudo apt install firmware-b43-installer, anawasha upya, na orodha ya mitandao ya majirani inajitokeza pembeni mwa skrini.