Kubeba si kupakata

Nilipokuwa darasa la tano, mwalimu aliandika ubaoni neno la Kiingereza "carry", akaweka kistari, akaandika "beba". Sote tukanakili. Jioni yake nilimkuta bibi barazani, mdogo wangu kamlaza mapajani, nikamwambia kwa fahari ya msomi mpya kwamba amembeba mtoto. "Mjukuu wangu," akasema, "huyu nimempakata. Mwenye kumbeba ni mama yako, akienda naye konde."

Miaka mingi baadaye nililikuta somo lile la bibi limo ndani ya kitabu cha mwaka 1870. Mwandishi wake ni Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza wa UMCA, misheni ya Kianglikana, na kitabu kinahusu lugha ya Kiswahili kama inavyosemwa Unguja. Alipofika kwenye "carry" hakuweka kistari na neno moja. Alilipasua. Kuchukua, hilo la jumla. Kupagaa, ni kuweka mzigo kichwani au mabegani. Kubeba, ni kumfunga mtoto mgongoni kwa nguo. Kueleka, ni kumpachika kiunoni miguu ikining'inia huku na huku. Na ndiko ilikotoka mbeleko. Kupakata, ni mapajani au kifuani. Mzigo wa kuning'iniza kwenye mti begani unachukuliwa mpikoni. Shehena ya chombo inapakiwa. Bidhaa za kusafirishwa kwa malipo akazipa neno takabadhi, ndugu wa hii stakabadhi tunayopewa dukani. Na kilichochukuliwa kwa nguvu vitani, hicho kimetekwa.

Mgeni kutoka Uingereza hakuyazua hayo. Aliyasikia. Steere alifika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer, baada ya misheni yao kushindwa huko bara, upande wa Malawi ya leo. Mwaka huohuo Sultani Majid aliwakabidhi wavulana watano waliookolewa kutoka kwenye jahazi la watumwa. Ndio waliokuwa wanafunzi wa mwanzo wa misheni, na mmoja wao, John Swedi, akaja kupewa ushemasi mwaka 1879. Kila nikilisoma neno pakia katika orodha ile, wale watano hunijia. Hawakusafiri, walipakiwa, kwa kitenzi kilekile cha magunia na pembe za ndovu. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, na Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa pale jiwe la msingi la kanisa ambalo Steere, aliyefariki mwaka 1882, amezikwa ndani yake.

Basi ukiuliza kwa nini Kiunguja kina maneno mengi hivi ya jambo ambalo Mwingereza analimaliza kwa moja, utazame mji wenyewe. Karne ya 19 Unguja iliishi kwa migongo ya watu. Karafuu, nazi na pembe hazikuingia bandarini wala kutoka bila bega la mtu. Hamali alikuwa wa mjini na gatini. Mpagazi alikuwa wa safari ya bara, kutoka Bagamoyo hadi Tabora na kuendelea, mzigo wake ukipimwa kwa frasila, na frasila moja ni kama kilo 16. Furushi la nguo alilolichukua liliitwa mtumba, na neno hilo bado tunalivaa. Pale alipoutua mzigo ndipo palipokuwa kituo. Leo tunasimama kituoni kungoja daladala bila kukumbuka kwamba ndani ya neno hilo mna mtu aliyechoka.

Kitu kidogo nacho kilikuwa na neno lake. Ukikikamata ndani ya ngumi, umekifumbata. Bibi yangu senti zake alizifutika kwenye pindo la kanga kiunoni, na sijapata kumsikia akisema amezibeba.

Kazi ya Steere iliendelezwa na A. C. Madan, mmisionari mwenzake, aliyetoa kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili mwaka 1894 na ya Kiswahili kwa Kiingereza mwaka 1903. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ukakichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, Kamati ya Lugha ikaanza kazi mwaka 1930, na kamusi za Frederick Johnson zikatoka mwaka 1939. Lugha ya gatini na ya barazani ikawa lugha ya shule kutoka Unguja hadi Uganda. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, hasara ilipopenyea. Mtoto wa darasani anahitaji jibu moja, na jibu hilo likawa beba. Neno la mama na mgongo wake likapewa mizigo yote.

Katikati ya hayo, Kiingereza chenyewe kilitupachika neno lake. Katika Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliwakusanya wanaume wa Afrika Mashariki, wa Unguja wakiwamo, kuchukua chakula na risasi za jeshi. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, na midomo yetu ikakiita Kariakoo. Hesabu rasmi za Waingereza zilikiri kwamba walikufa zaidi ya 40,000, wengi kwa maradhi na wachache kwa risasi. Dar es Salaam jina hilo limekuwa soko, Nairobi limekuwa Kariokor, na hapa Unguja viwanja vya Kariakoo hujaa watoto siku za Idi. Wanapanda bembea juu ya neno zito mno. Baiskeli nayo ikatuletea keria.

Mwezi Agosti 1948 wafanyakazi wa bandari ya Unguja waligoma wakidai ujira, na mgomo ukasambaa hadi ukawa wa mji mzima. Watu ambao kazi yao yote ilikuwa kuchukua walikataa kuchukua, na mji ukasimama. Leo kitenzi chao kimepanda cheo: kutokana na chukua tuna uchukuzi, na uchukuzi una wizara yake.

Sisemi beba lifukuzwe. Lugha hupanua maneno yake, na beba limekuwa pana kwa haki. Lakini naumia ninapomsikia kijana wa Mji Mkongwe akisema mama amebeba mtoto, amebeba maji na amebeba pochi, kwa kitenzi kimoja, kama kwamba mwili wa mama ni rafu ya duka. Eleka na pakata ni maneno ya mwili. Yanakwambia mtoto yuko wapi na mikono ya mama inafanya nini.

Mwezi uliopita nilikuwa Jambiani, maji yametoka, wanawake wakivuna mwani. Mama mmoja mtu mzima alikuwa amelijaza polo lake hadi shingoni. Hakuniambia nimbebee. Aliipanga kata ya kanga juu ya utosi, akainama kidogo, akaniita: "Mwanangu, njoo unitwike." Kutwika hakuna anayekufanya vizuri peke yake na polo la mwani mbichi, neno lenyewe linataka watu wawili. Nikalishika huku, yeye huku, likapanda. Nilimuuliza nani atamtua akifika nyumbani.

"Wajukuu," akasema, na akashika njia.