Kutoka Chuo Kimoja hadi Vyeti Vingi: Serikali za Afrika Mashariki na Elimu ya Juu

Tangu zamani, mtu wa Igunga, mkoani Tabora, aliyetaka elimu kubwa ilimbidi asafiri. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe, eneo la Tabora, hadi Bagamoyo, na pamoja na nguo na shanga, baadhi yao walirudi na dini mpya na herufi za Kiarabu. Tabora ilikuwa na walimu wa Kurani kabla haijapata shule ya serikali. Wajerumani walipofikisha reli Tabora mwaka 1912, shule zao zililenga kupata makarani na wakalimani. Elimu ya juu kwa Mwafrika haikuwamo katika hesabu zao.

Waingereza walirithi Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, nao hawakuwa na haraka. Mwaka 1922 walifungua shule ya ufundi Makerere, Uganda. Mwaka 1925 ikafunguliwa Shule ya Serikali Tabora, iliyokusudiwa hasa watoto wa machifu. Reli ya kutoka Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928, njia ikawa wazi: treni hadi ziwani, kisha meli hadi Uganda. Njia kuu ya wasomi wa bara iligeukia kaskazini, ikaiacha ile ya zamani ya kuelekea pwani.

Kilichobaki kilikuwa makubaliano ya kiserikali, nayo yalizaliwa na uhaba. Wanafunzi waliomaliza sekondari katika kila koloni walikuwa wachache mno kujaza chuo, na hazina za makoloni hazikuwa na fedha. Tume ya De La Warr, iliyozuru mwaka 1937, ilipendekeza Makerere kiwe chuo cha juu cha Afrika Mashariki yote. Serikali za Uganda, Tanganyika na Kenya zikachangia mfuko wake pamoja na Uingereza. Yalikuwa makubaliano ya magavana na Wizara ya Makoloni; wazazi wa Tabora hawakuulizwa. Hata hivyo, matunda yake hayakukawia. Julius Nyerere, aliyeingia Shule ya Tabora mwaka huohuo wa 1937, alikwenda Makerere mwaka 1943, akarudi kufundisha shule ya St. Mary's, Tabora. Abdallah Fundikira, chifu wa baadaye wa Unyanyembe, naye alipita Makerere. Kwa msingi huo, uongozi wa Tanganyika huru uliandaliwa kwa sehemu kubwa katika nchi jirani.

Baada ya Vita vya Pili, Tume ya Asquith ilitoa ripoti yake mwaka 1945. Ilitaka vyuo vya makoloni vilelewe na vyuo vikuu vya Uingereza mpaka vikomae. Mwaka 1949 Makerere kikawa Chuo Kikuu Kishiriki cha Afrika Mashariki, na wanafunzi wake wakasomea shahada za London. Mitaala na mitihani ilipimwa kwa kipimo cha London. Kipimo hicho kiliwapa wahitimu heshima popote walipokwenda, lakini kiliwafanya waijue historia ya Uingereza kuliko ya Unyanyembe.

Kisha kikaja kipindi kifupi ambacho mimi nakihesabu kuwa kilele cha safari yote. Tarehe 25 Oktoba 1961 chuo kikuu kishiriki kilifunguliwa Dar es Salaam, katika jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba, kikianza na kitivo cha sheria. Juni 1963, wiki chache baada ya viongozi wa Kenya, Uganda na Tanganyika kutangaza huko Nairobi nia ya kuunda shirikisho, kilizinduliwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, Nyerere akiwa mkuu wake. Shirikisho la kisiasa halikuzaliwa. La elimu lilizaliwa. Vyuo vyake vitatu viligawana kazi: udaktari na kilimo Makerere, uhandisi na tiba ya mifugo Nairobi, sheria Dar es Salaam. Kijana wa Tabora aliyetaka kuwa daktari alikwenda Kampala, na Mkenya aliyetaka kuwa mwanasheria alikuja Dar es Salaam. Serikali tatu zilikubali kwamba mtaalamu wa mmoja anaweza kuandaliwa katika nyumba ya mwenzake. Sijui makubaliano mengine ya wakati ule yaliyomfikia mwananchi wa kawaida kwa namna hiyo.

Makubaliano hayo yalivunjwa na mambo ya haki. Kila taifa lilihitaji madaktari na wahandisi wengi kuliko nafasi lililogawiwa, na kila mpango wa maendeleo ulihesabu wataalamu wake wenyewe. Nairobi kikaanza udaktari mwaka 1967. Dar es Salaam kikawa na kitivo chake cha tiba mwaka 1968. Azimio la Arusha la 1967 nalo lilidai chuo kinachotumikia Ujamaa, dai ambalo Kenya haikuwa nalo. Tarehe 30 Juni 1970 Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilikoma, vikabaki vyuo vikuu vitatu vya kitaifa. Siwalaumu viongozi wale. Lakini gharama ilikuwa kubwa, kwa kuwa kila nchi ililazimika kujenga upya kile ambacho jirani alikuwa nacho.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, kisha vita vya Tanzania na Uganda vikafuata. Katika hali hiyo, inastaajabisha kwamba mwaka 1980 serikali zilikubali kuunda Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lenye makao Kampala. Mkataba mpya wa Jumuiya, uliotiwa saini tarehe 30 Novemba 1999, ulilitambua, na sheria ya mwaka 2009 ikalipa nguvu. Wakati huo vyuo binafsi vilikuwa vimeongezeka. Hata Tabora ilipata Chuo Kikuu Kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo. Swali la serikali likabadilika: lile la nani agharimie chuo kimoja lilikuwa limepita, sasa ni nani athibitishe kwamba shahada ya hapa ni sawa na ya kule. Tarehe 20 Mei 2017 wakuu wa nchi walitangaza Afrika Mashariki kuwa eneo la pamoja la elimu ya juu. Kuingia kwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo katika Jumuiya mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024 kumeongeza mifumo ya kupatanisha.

Leo kijana wa Igunga anaweza kusoma Kampala, Nairobi au Kigali kwa gharama ya familia yake. Akirudi, hupeleka cheti chake Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2005, ili kitambuliwe kabla mwajiri hajakipokea.