Wenyeji wa Ziwa na Habari ya Mto Lukuga

Mtu akiteremka kutoka Sumbawanga kwenda Kasanga hushuka kadiri ya mita 1,000 mpaka kulifikia Ziwa Tanganyika. Katika mwaka 1874 Verney Lovett Cameron, ofisa wa manowari za Uingereza, alipita kando ya pwani hii yetu ya Ufipa. Alikuwa ametoka Ujiji mwezi wa Machi na vyombo viwili, akitafuta jibu la swali moja: Maji ya ziwa hili hutokea wapi?

Cameron alijua kupima njia kwa nyota, lakini ziwa lenyewe hakulijua. Ilimpasa kuwafuata viongozi wenyeji. Hao, walipofika Rasi ya Kabogo, walisimama wakatoa ushanga kwa pepo wa mahali pale, ndipo wakapita.

Mwezi wa Mei, katika ng'ambo ya magharibi, aliukuta mlango wa Mto Lukuga. Akaingia mwendo mfupi, magugu yaeleayo yakamzuia. Lakini jumbe wa hapo alimwambia kwamba watu wake wameufuata mto ule zaidi ya mwezi mzima, hata unapoingia Lualaba.

Mwaka 1876 akaja Henry Stanley. Aliona maji yametulia katika matete, akasema kwamba kwa wakati ule hayatoki. Lakini mwaka 1879 Edward Hore, baharia wa misheni, aliuona Lukuga ukienda kwa nguvu kuelekea magharibi. Ziwa lilikuwa limejaa, likavunja kizuizi cha matope na majani. Stanley hakusema uwongo. Ila yeye alitazama siku chache, na wenyeji walitazama miaka mingi.

Hata mbali, katika visiwa vya Bahari ya Pasifiki, mambo yalikuwa hivyo. Mwaka 1769 nahodha James Cook alimchukua melini Tupaia, mwenyeji wa Raiatea. Tupaia aliwachorea Waingereza ramani ya visiwa vingi, na huko New Zealand wenyeji waliielewa lugha yake. Jina la Cook limejaa katika ramani; la Tupaia husahauliwa.

Basi, enyi wanafunzi, mkisoma kwamba fulani alivumbua mto au ziwa, ulizeni: Ni nani aliyemwonyesha njia? Wahenga walisema, Mgeni ni kipofu, ijapokuwa ana macho.